Unataka uwanja mtaani? Nenda kwenye kikao cha bajeti

Jumamosi iliyopita uliwaona, si ndio? Vijana kumi na wanne, mpira mmoja, mawe badala ya magoli, na mechi inasimama kila lori la maji likipita. Kando yao watoto wadogo wanaruka kamba karibu na mtaro wa majitaka. Halafu jioni sisi hao, tunaingia kwa simu kulalamika ati serikali haijali vipaji.

Wacha nikwambie ukweli hata kama utakukera. Sehemu ya lawama ni yetu. Tunaipigia kelele serikali isiyohusika, kisha siku pesa zinapogawanywa hatupo.

Uwanja wa Talanta pale Barabara ya Ngong, wa kubeba mashabiki 60,000, ni mradi wa serikali kuu kwa ajili ya AFCON 2027. Ni sawa, tutaenda kushangilia Harambee Stars. Lakini mtoto wa Kayole hatachezea huko akitoka shule. Uwanja wa kwao ni kazi ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la viwanja vya michezo, bustani na maeneo ya burudani. Kwa hivyo swali lako si la Waziri wa Michezo. Ni la gavana na diwani wako.

Na pesa hizo zina kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti yanafaa kuwa yamefikishwa kwenye bunge la kaunti, na sheria inataka mwananchi asikizwe kabla hayajapitishwa. Niliwahi kuketi kwenye kikao kimoja cha maoni. Vijana tulikuwa watatu, na mmoja wetu alikuwa amekuja kufunga spika. Wazee na akina mama wa chama walitaja barabara, maji na taa. Uwanja haukutajwa na mtu. Sasa utaingiaje kwenye bajeti?

Ukifika, usiseme tu "tunataka uwanja" kisha ukae chini. Uliza mambo matatu.

Kwanza, je, jina la wadi na la uwanja limeandikwa kwenye bajeti, ama ni "ukarabati wa viwanja" tu, bila kutaja ni wapi? Pesa zisizo na mahali ni rahisi kuhamishwa.

Pili, baada ya kukata utepe, nani atalipa mlinzi, maji na mtu wa kufyeka nyasi? Kujenga ni bajeti moja, kutunza ni nyingine. Ukiisahau hiyo ya pili, miaka miwili baadaye bembea ni vyuma vilivyopinda na nyavu zishaibwa.

Tatu, hati ya ardhi iko wapi? Hili ndilo kubwa zaidi. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walikuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walipoandamana kuuangusha, polisi waliwarushia vitoa machozi. Watoto wa shule ya msingi, bana! Uwanja ulirejeshwa kwa sababu nchi nzima iliona zile picha. Wa kwenu ukimegwa kidogo kidogo, leo kioski, kesho gereji, kesho kutwa fleti, nani atapiga picha?

Najua kuna atakayesema hospitali hazina dawa na wewe unaleta stori ya mpira. Namwelewa. Lakini sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, na uwanja wa mtaa si jambo la mabilioni. Sawazisha ardhi, weka magoli, ua, bomba la maji na choo. Tena dawa zikikosekana mwaka huu zinaweza kununuliwa mwaka ujao. Ardhi ikishajengwa fleti, hairudi.

Na wasituambie vijana hatuwezi kutunza cha umma. Mathare, chama cha MYSA kilianza mwaka wa 1987, na timu zake zilipewa pointi za ligi kwa kuzoa taka mtaani. Humo ndimo ilimozaliwa Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka wa 2008. Mwenye kipato leo anakodi uwanja wa nyasi bandia kwa saa. Asiye nacho anabaki na barabara, na msichana ambaye hata hapo barabarani hapewi nafasi anabaki ndani ya nyumba.

Kaunti ikikunyamazia, andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Uliza uwanja wenu ulitengewa pesa ngapi na zilitumika vipi. Weka nakala.

Kikao kijacho kikitangazwa, usiende peke yako. Beba nahodha wa timu ya mtaa, beba wasichana wa netiboli, beba mama wa wale watoto wa mtaroni. Mkisimama watu kumi na watano mkitaja uwanja mmoja kwa jina, diwani ataandika. Hesabu ya kura anaijua vizuri kukuliko.