Koti la Baba Juu ya Gauni la Binti



Kila uingiapo mwezi wa Juni, upepo wa uwanda wetu huu wa kati hubadilika. Mji wa Dodoma umekaa juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na usiku wa kipupwe baridi hushuka hata kufikia nyuzi 13 au 14. Mtu wa pwani ajapo kwetu miezi hiyo hutafuta blanketi kabla hajatafuta chakula. Na huu ndio wakati tuwaonapo mabinti zetu, waendapo chuoni, kazini na sokoni, wamevaa gauni refu au dera, ushungi kichwani, na juu yake koti la kiume. Wengine huvaa shati pana la mwanamume juu ya sketi ya marinda, na wengine suruali pana chini ya gauni lifikalo magotini. Mtindo huu wa kuchanganya la kike, lililo pana lisilo na mkato, na la kiume, hata baridi iishapo hauachwi.

Mwaka huu jambo hili limetufikia kwa njia ya huzuni. Mzazi mmoja alitujia baada ya sala ya Alasiri, akaketi kimya kwa muda, kisha akasema: “Maalim, binti yangu ameacha darsa.” Tulipomwuliza sababu, alieleza kuwa binti huyo, mwenye umri wa miaka 19, alikwenda kwenye darsa ya wanawake amevaa gauni la kufika miguuni, ushungi, na koti la kijivu la baba yake. Mlangoni akasimamishwa na mtu mzima mmoja, akaambiwa mbele ya wenziwe kwamba yeye ni katika wale waliolaaniwa kwa kujifananisha na wanaume. Binti akageuka akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo imepita miezi miwili. Koti angali analivaa. Darsa ndiyo aliyoiacha.

Basi na tuitazame hoja yenyewe. Hadithi ile ni sahihi, wala hatuna ruhusa ya kuipunguza uzito. Imam Bukhari ameipokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) amewalaani wanaume wajifananishao na wanawake na wanawake wajifananishao na wanaume. Tena iko nyingine katika Sunan ya Abu Daud iliyotaja mavazi waziwazi. Hayo hayana shaka. Lakini suala liko nyuma ya hapo: ni lipi vazi la mwanamume, na ni nani aliyelikata likawa la mwanamume?

Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, naye ni katika maimamu wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, ameandika katika sherehe yake ya Bukhari kwamba umbo la mavazi huhitilafiana kwa desturi ya kila nchi; na kwamba huenda wakawako watu ambao nguo za wake na waume wao hazitofautiani, ila wanawake hupambanuka kwa kujisitiri. Maneno hayo tumeyasikia kwa mashekhe wetu tangu utotoni, na ajabu ni kwamba wengi huikumbuka hadithi na kuisahau sherehe yake.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta ushahidi wa maneno ya Imam. Tazameni Unguja ya karne ya 19. Mabibi wa nyumba za Waarabu walivaa suruali zenye marinda miguuni, na juu yake kanzu fupi za rangi. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na ambaye kitabu cha maisha yake kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, amepigwa picha huko Ulaya akiwa amevaa vivyo hivyo. Na wanaume wa pwani wakati huo? Walijifunga kikoi kiunoni na kuvaa kanzu juu yake. Yaani mwanamke alikuwa na suruali na mwanamume alikuwa na nguo ya kujifunga! Lau tungemchukua mzee wa leo wa Dodoma tukamweka katika kichochoro cha Unguja ya zama zile, angelaani nusu ya mji kabla ya Adhuhuri.

Na huku kwetu bara mambo yalikuwa karibu na hayo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikuwa haina budi kupita Ugogo, na kwa watemi wa Ugogo ililipa hongo ya nguo: merikani iliyotoka Marekani, na kaniki nyeusi. Kitambaa kilikuwa kimoja kwa mume na mke, na tofauti ilikuwa katika namna ya kufunga. Kisha reli ikafika Dodoma mwaka 1910, wakaja maduka na mafundi cherehani, na koti nalo likaja. Koti! Vazi hili ambalo leo twalitetea kama kwamba tulilirithi kwa masahaba, lililetwa na Wazungu, na babu zetu wakalitwaa wakalivaa juu ya kanzu, na kofia kichwani. Wao ndio waliotangulia kuchanganya. Kwa nini basi mjukuu wa kike achanganyapo yawe mengine?

Hebu tuseme na neno moja la pembeni, na mabwana watusamehe. Ni wangapi kati yetu walalao usiku wamejifunga kanga ya mama watoto, ina maua mekundu na jina la kumsuta jirani? Hajatokea hata mmoja aliyesimamishwa mlangoni.

Iko khabari moja ambayo kwetu sisi ndiyo kiini cha shauri hili. Imepokewa na Imam Ahmad na wengineo, kwamba Mtume (S.A.W.) alimpa Usama bin Zayd nguo nzito ya Kimisri, katika zile alizoletewa zawadi na Dihya al-Kalbi. Usama hakuivaa, alimpa mkewe. Baadaye Mtume akamwuliza mbona haivai, naye akajibu kuwa amemvika mkewe. Sasa tazameni jibu alilopewa. Hakuambiwa kuwa nguo ile ilikuwa ya mwanamume, basi aichukue kwa mkewe. Aliambiwa amwamuru mkewe avae kivazi cha ndani chini yake, kwa kuchelea nguo isije ikaonyesha ukubwa wa mifupa yake. Nguo iliyotolewa kwa mume ilibaki kwa mke. Kilichoangaliwa ni mwili kusitirika, na dawa yake ilikuwa kuongeza nguo juu ya nguo.

Tukiichukua khabari hiyo tukaileta Dodoma mwezi wa Julai, tutaona jambo ambalo wengi wetu hatujalitazama. Dera ni vazi pana, nasi twalisifu kwa stara yake. Lakini ni kitambaa chepesi. Ndani ya nyumba hukaa vizuri. Likitoka nje kwenye upepo wa uwanda wetu, hubanwa mwilini mbele na kupepea nyuma, na kila kilichofichwa huchorwa. Baibui la kitambaa chepesi ni hivyo hivyo. Mwanamke akivaa koti zito la kiume juu yake, lenye mabega na kifua kigumu na urefu wa kupita makalio, upepo hukoma kwenye koti. Binti yule aliyefukuzwa mlangoni, kwa kipimo cha khabari ya Usama, alikuwa amesitirika kuliko wengi waliokuwamo ndani.

Kadhalika suruali pana chini ya gauni. Mama wa Kondoa au Mpwapwa apandaye pikipiki kila siku ajua khatari ya pindo la dera kunaswa na mnyororo au gurudumu. Hana budi kulikusanya. Akilikusanya hali ana suruali pana chini yake, hapana kionekanacho. Akilikusanya bila hiyo, nyote mwajua. Suruali hiyo haimfanyi mwanamume, kama isivyomfanya Bibi Salme.

Hata hivyo mtu asitutafsiri vibaya. Kujifananisha kupo. Katika nchi yetu kanzu nyeupe na kofia ya kazi ya mkono ni alama ya mwanamume, mtu aziona kwa mbali akasema, yule ni bwana. Binti avaaye hivyo ili adhaniwe mvulana ameingia katika lile lililokatazwa. Ama koti, alama hiyo imeshaliondokea. Bunge liko mjini kwetu, na waheshimiwa wabunge wa kike huingia na makoti yao. Walimu wa kike na makarani huvaa. Hapana aoneaye haya kuwaita mabibi. Na suruali ya kubana pamoja na shati fupi hatuikatazi kwa sababu ni ya kiume. Twaikataza kwa sababu ya kubana, na gauni la kike lililobanwa lina hukumu ile ile.

Sasa kwa mabinti wenyewe, maana yafaa tuseme na upande wao. Tumezungumza na fundi mmoja wa kike, naye ametupa maarifa ambayo twayaona ni ya haki. Asema kosa la wengi ni kuvaa vipana vitupu, dera pana na shati pana na mtandio mpana, mtu akawa kama mzigo wa pamba uliofunguka. Kipande kimoja kiwe na umbo, navyo vingine vilegee. Koti likiwa na mabega yake, gauni na literemke lenyewe. Mshono wa bega la koti ukipita bega lako kwa vidole viwili si kitu. Ukipita zaidi, mpelekee fundi akupunguzie mabegani na mikononi tu. Usikubali akubanie kiuno, hata akikuambia ndipo litakapopendeza, kwani hapo utakuwa umelipia fedha kuiondoa ile faida uliyolitafutia koti. Dera la maua litake koti lisilo na maua, la kijivu au jeusi au kahawia. Ushungi na uangukie juu ya kola na kifua, usiuingize ndani ya koti. Na mashati meupe ya kiume, juani huonyesha. Mtazameni mwenzenu mkiwa nje kabla hamjatoka, wala si mbele ya kioo cha chumbani.

Wazazi nao tuna neno nao. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia, likaitwa Operesheni Vijana, lianze tarehe 1 Januari 1969 huko Dar es Salaam. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, vijana wa kiume walikuwa wamekwisha anza kuwasumbua wanawake njiani kwa ajili ya nguo zao. Hizo sketi fupi hazikuupenda ubaya huo zikaondoka nchini. Zipo hata leo. Nasi hatumlaumu yule bwana wa mlangoni kwa kuijua hadithi. Twamlaumu kwa mahali alipoisemea na kwa aliyemwambia. Mzazi tuliyemtaja tumemshauri aende mwenyewe na mama wa binti wamwambie yule mwalimu wa darsa khabari yote, kisha binti arudi na koti lake vile vile, naye mwalimu ampokee mlangoni. Ametuahidi kufanya hivyo Jumamosi ijayo, Insha Allah.

Limebaki suala la wengi wanaotuuliza juu ya makoti ya mitumba, zile nguo ambazo wazee waliziita kafaulaya. Je, yafaa kusalia? Asili ya nguo ni tohara mpaka ijulikane kuwa ina najisi. Ila ifueni kwanza, kwa usafi na kwa kutuliza moyo. Kuhusu kulijua la kiume, tazameni vifungo: vikiwa upande wa kulia wa mvaaji, na matundu kushoto, lilishonewa mwanamume. Hiyo ndiyo tofauti kubwa mtakayoikuta katika makoti mengi, na ni desturi ya mafundi wa Ulaya.

Na ndani ya baadhi ya makoti hayo mna bitana ya kung'aa. Aghalabu ni nyuzi za kiwandani, lakini mara moja moja huwa hariri ya kweli. Chomoeni uzi mmoja katika bitana mkauchome: ukiyeyuka ukaganda kama shanga ngumu, ni wa kiwandani, ukitoa harufu ya nywele zilizoungua na kubaki jivu la kusagika, ni hariri. Koti la namna hiyo, kwa madhehebu yetu, baba haruhusiwi kulivaa, kwani hariri ni haramu kwa wanaume na halali kwa wanawake. Basi na ampe bintiye.