Chai ya Kijani Si Dawa, na Uchungu Wake Tumeutia Wenyewe

Muulize anayenunua chai ya kijani dukani kwa nini ameichukua. Atakwambia ni ya kukata tumbo, au ya presha, au jirani kamwambia inatoa sumu mwilini. Hatakwambia kwamba anaipenda. Akifika nyumbani ataitumbukiza kwenye maji yanayotokota, ataisahau humo huku akiendelea na shughuli nyingine, kisha ataimeza kwa kukunja uso, bila chembe ya sukari maana sukari itaharibu dawa. Ukimuuliza mbona anajitesa, atakujibu kwamba dawa ndivyo ilivyo.

Imani hiyo ina madai mawili. La kwanza ni kwamba chai ya kijani ni chungu kwa maumbile yake. La pili ni kwamba uchungu huo ndio nguvu yake. Yote mawili si kweli, na nayapinga kwa moyo wote kwa sababu yametunyima kinywaji kizuri sana, sisi ambao mmea wenyewe tunaupalilia kuanzia Kericho hadi Mufindi.

Maana mmea ni mmoja. Chai nyeusi, chai ya kijani na oolong zote hutokana na Camellia sinensis. Tofauti huanza baada ya kuchuma. Jani likichubuka, maji yake hukutana na hewa, nalo huanza kugeuka rangi hadi likawa jekundu na hatimaye jeusi. Anayetaka chai ya kijani huuzima mgeuko huo mapema kwa joto: Wachina hulikaanga jani kwenye karai, Wajapani hulipitisha kwenye mvuke. Oolong husimama katikati. Jani lake huanikwa juani, hutikiswa kwenye nyungo ili kingo zake zichubuke, huachwa ligeuke kiasi anachotaka fundi, ndipo hupigwa moto.

Na mafundi hao wamehangaika karne nyingi kuupunguza uchungu. Kule Uji, karibu na Kyoto, mashamba ya chai ya kijani iitwayo gyokuro hufunikwa kwa takriban siku 20 kabla ya kuvunwa, zamani kwa matete na mabua ya mpunga, siku hizi kwa vyandarua vyeusi. Kivuli hicho kina kazi yake. Jani la chai lina theanini, ambayo ndiyo inayoleta ule utamu mzito unaojaa mdomoni, na jua husaidia kuigeuza theanini hiyo kuwa katekini, ambazo ndizo zenye uchungu na ukakasi. Ukilizuia jua, utamu hubaki. Theanini yenyewe ilitambuliwa mwaka 1949 na Mjapani Yajiro Sakato, naye aliipata kwenye gyokuro hiyohiyo. Huko China, chai bora ya kijani ya Longjing, ile ya Hangzhou, huchumwa kabla ya sikukuu ya Qingming mwanzoni mwa Aprili, vichipukizi vikiwa vichanga, kisha mkaangaji huyagandamiza majani kwa kiganja kwenye karai la moto mpaka yanakuwa bapa. Watu wanaofanya kazi yote hiyo hawatengenezi shubiri.

Kwa nini basi sisi tunaichemsha? Kwa sababu chai tuliyokulia imetengenezwa ichemshwe. Kenya huzalisha zaidi ya tani 500,000 za chai kwa mwaka, na sehemu kubwa mno ni CTC, zile punje ndogo nyeusi zinazotoka kwenye mashine ya kuponda, kurarua na kusokota, iliyobuniwa Assam mwanzoni mwa miaka ya 1930. Punje hizo hutoa rangi na ukali papo hapo. Ukizitia kwenye sufuria yenye maziwa, tangawizi na iliki, protini ya maziwa inayoitwa kaseini huvishika vile vinavyokausha ulimi, na chai ikalainika. Chai ya maziwa iliyochemka vizuri ni kinywaji cha heshima na sina ugomvi nayo. Kosa ni kuichukua kanuni yake na kuilazimisha kwa jani ambalo halina maziwa ya kulikinga.

Isitoshe, kilichomo kwenye vifuko vingi vya chai ya kijani ni vumbi na vipande vilivyobaki baada ya majani mazima kuchambuliwa. Kadiri kipande kinavyokuwa kidogo, ndivyo maji yanavyokipenya upesi na kukitoa kila kilichomo, kizuri na kibaya kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo watu wetu wengi wamekutana na chai ya kijani kupitia vumbi lake, ndani ya maji yanayotokota, kwa dakika kumi au zaidi. Hao bado hawajaionja.

Na hapa kuna jambo linalopaswa kutushtua kidogo. Wataalamu wa kuonja chai wana kiwango chao cha kimataifa, ISO 3103, kilichotolewa mwaka 1980: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100, maji yanayotokota, dakika 6. Kiwango hicho ni cha kulinganisha chai na chai. Mwonjaji huilazimisha chai itoe kila kitu, hata dosari zake zote, ajue anachonunua, kisha huitema. Hiyo ni njia ya ukaguzi. Sisi tumeifanya njia ya kunywa, tena tumeiongezea dakika.

Fanya jaribio hili jikoni kwako. Chukua vikombe viwili, kila kimoja ukitie gramu 2 za majani mazima ya kijani. Cha kwanza kimiminie maji yanayotokota, ufunike, uache dakika 5. Kwa cha pili, yahamishe maji kwanza: toka kwenye birika yaingie kwenye jagi, toka kwenye jagi yaingie kwenye bakuli. Kila kuhamisha hupunguza takriban nyuzi 10, kwa hiyo kipimajoto hukihitaji. Yakikaribia nyuzi 75 yamwage juu ya majani, ngoja dakika moja na nusu, chuja. Kikombe cha kwanza kitakuwa na rangi ya njano iliyochakaa, na harufu ya mboga iliyopikwa kupita kiasi. Utakiona chungu mbele ya ulimi na kikavu nyuma ya meno. Cha pili kitakuwa cheupe kinachoelekea ukijani. Kama majani ni Longjing utanusa njugu zilizokaangwa. Kama ni sencha ya Japani utapata mchicha mbichi na harufu ya mwani. Uchungu utakuwepo kwa mbali, unaoshikilia utamu usipwaye. Majani ni yaleyale. Sababu ni kwamba theanini hutoka kwa urahisi hata kwenye maji ya joto la wastani, ilhali katekini huhitaji moto na muda.

Asije mtu akatoka hapa na imani nyingine mpya, kwamba maji ya moto ni adui wa chai. Si hivyo. Kule Chaozhou, kusini mwa China, oolong hupikwa kwa maji yaliyochemka kabisa, majani yakiwa mengi hadi kukijaza chombo, na haiwi chungu kwa sababu maji hayakai humo zaidi ya sekunde chache. Wingi wa majani, joto na muda ndivyo vinavyopima kikombe, na ukiongeza kimoja hapana budi upunguze kingine.

Oolong ndiyo ningetamani kila nyumba inayopenda chai iionje walau mara moja. Chukua Tieguanyin ya Anxi, mkoani Fujian, gramu 6, uitie kwenye bakuli dogo la kifuniko la mililita 110 hivi, lile Wachina wanaloliita gaiwan. Usipokuwa nalo, bakuli la kauri na kisahani cha kufunikia vinatosha. Majani makavu ni vidonge vigumu vya kijani iliyokolea. Ukivimwaga kwenye bakuli vinagonga. Mimina maji yaliyochemka, hesabu sekunde 20, kisha ukamue yote kwenye chombo kingine, usibakize maji juu ya majani. Kabla hujanywa, geuza kifuniko unuse upande wa ndani. Harufu ya maua imekaa pale, nene, na inabadilika kadiri kifuniko kinavyopoa.

Kikombe cha kwanza huwa hafifu kwa sababu vidonge ndio kwanza vinalegea. Cha pili na cha tatu ndivyo vyenye mambo. Vuta chai mdomoni pamoja na hewa, kwa sauti, kama wanavyofanya waonjaji wa mnada wa Mombasa. Harufu hupanda puani kwa ndani, na ladha ambazo ulimi peke yake haungezikuta hujitokeza. Meza, halafu usiseme kitu kwa muda kidogo. Utamu hurudi taratibu kooni baada ya chai kwisha, na hapo ndipo watu wengi hushangaa, maana hakuna sukari iliyotiwa. Ukifika mara ya nne majani yamefunguka na kulijaza bakuli lote. Toa moja ulitandaze kiganjani. Kama chai ilitengenezwa kwa mtindo wa zamani, katikati ni kijani na kingoni kuna wekundu, palepale lilipochubuliwa kwenye ungo. Majani hayohayo yatakupa vikombe sita au saba, kila kimoja na ladha yake. Asiyejua hili huona bei ya oolong ni wizi, kwa sababu anaihesabu kwa kikombe kimoja.

Sasa turudi kwenye dawa, maana najua ndiko hoja itakakong'ang'ania. Atasema mtu: kama katekini ndizo chungu, na katekini ndizo zinazosifiwa na wataalamu, basi chai chungu zaidi ndiyo yenye faida zaidi. Hoja ina mantiki, lakini ushahidi wenyewe unaikata miguu. Mwaka 2012 taasisi ya Cochrane ilizipitia tafiti zilizokuwepo kuhusu chai ya kijani na unene, ikakuta kwamba uzito uliopungua ulikuwa mdogo kiasi kwamba hauna maana kubwa kiafya. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kuhusu vidonge vya kirutubisho vya chai ya kijani: miligramu 800 au zaidi za katekini yake kuu kwa siku, zikitumiwa kama kirutubisho, zinahusishwa na dalili za madhara kwenye ini. Kikombe cha kawaida hakina hatari hiyo. Lakini mantiki ya "kali zaidi ndiyo bora zaidi" ndiyo inayomfikisha mtu kwenye vidonge.

Kuna na madini ya chuma. Chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza uwezo wa mwili kuyapata madini hayo kutoka kwenye maharage na mchicha. Wanawake wengi wa kwetu wana upungufu wa damu, nao ndio wanaoshauriwa kuinywa chai hii kali baada ya kila mlo. Ushauri huo ni mbaya. Inywe katikati ya milo. Na usiinywe ikiwa inaunguza: mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio, na ukanda wetu wa Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu zinazoumia sana kwa saratani hiyo.

Lililo baya kuliko yote ni zile paketi za "chai ya kupunguza mwili". Baadhi huchanganywa na sanamaki. Bibi yeyote wa pwani anajua sanamaki ni ya kuharisha. Mtu anakimbilia chooni, mizani inashuka kwa sababu ya maji aliyoyapoteza, naye anaishukuru chai ya kijani ambayo haikufanya lolote.

Nimewahi kuambiwa kwamba haya ni mambo ya watu wa mbali, kwamba ulimi wetu haukuzoea vitu hafifu visivyo na sukari. Mwenye kusema hivyo aende barazani Mombasa, Lamu au Unguja jioni. Kahawa chungu inanywewa hapo kwenye vikombe vidogo, kidogokidogo, kwa kashata au tende, na wazee wanajua tofauti ya iliyopikwa leo na iliyopashwa. Hakuna anayeinywa kwa ajili ya tumbo lake. Ulimi wa kuonja tunao, na vikombe vidogo tunavyo.

Hata maji tunayo ya kila namna, na hili linastahili kufikiriwa kuliko vyombo vya bei kubwa. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mtu wa Nairobi hahitaji kusubiri muda mrefu kama wa Dar kwa chai ya kijani, na kwa oolong amimine mara tu yanapotokota. Mtu wa Dar anayetumia kisima chenye chumvi asilaumu majani: maji magumu huifubaza chai ikawa bapa. Maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa yatamfaa zaidi.

Baadhi ya viwanda vya Kenya na Rwanda sasa vinasindika chai ya kijani ya majani mazima, na Kenya ina hata aina yake ya zambarau iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011. Hizo pia zinastahili kunywewa nyumbani, zisiishie kwenye makontena ya kwenda ng'ambo. Kwa hiyo ninyi wenye viwanda na maduka, uzeni majani mazima kwa watu wenu, kwenye mifuko isiyopitisha mwanga wala hewa, maana chai ya kijani huchuja upesi ikianikwa dirishani. Juu ya paketi andikeni mwezi ilipochumwa, joto la maji na dakika za kusubiri. Picha ya kiuno chembamba iondoeni.