Akilia ukimbadilisha nepi, usiseme ni deko

Mama, mtoto wako mwenye mtindio wa ubongo ana miaka mitano na bado unambeba. Siku hizi kila ukimpanua miguu umbadilishe nepi, analia. Jirani asema ni deko. Nyanya yake asema baridi imemwingia mifupani. Huenda ni nyonga.

Kilichodhurika kwanza ni ubongo, labda kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, wala si mfupa. Lakini ubongo huo huikaza misuli ya ndani ya paja, nayo huvuta mchana na usiku. Kichwa cha mfupa wa paja, kilicho mviringo kama mpira, huanza kutoka kidogo kidogo katika kikombe chake. Kwa kuwa mtoto hasimami, kikombe nacho hakikui kikawa na kina cha kutosha. Theluthi moja hivi ya watoto hawa hupatwa na tatizo hili, na miongoni mwa wasioweza hata kukaa wenyewe, ni karibu tisa kwa kila kumi.

Mwanzoni hakuna maumivu, na hapo ndipo wazazi hunaswa. Eksirei ndiyo huonyesha. Kusini mwa Sweden walianza mwaka wa 1994 kuwapiga watoto hawa picha kwa ratiba. Awali karibu mmoja kati ya kumi nyonga yake iliteguka kabisa. Sasa hafiki mmoja kati ya mia.

Ikigunduliwa mapema, daktari wa mifupa aweza kukata kano ili misuli ilegee. Kwa asiyetembea, hilo peke yake aghalabu halitoshi. Hapo mfupa wa paja hukatwa, hugeuzwa na kufungwa kwa chuma na skrubu, na pengine mfupa wa nyonga nao hukatwa ili kikombe kifunike vyema. Wengine hufungwa plasta wiki sita hivi. Akicheleweshwa hadi utu uzima, kichwa cha mfupa kikiwa kimelika, hakirudishiki tena: huondolewa ili maumivu yapungue, au wachache hupewa nyonga bandia.

Wako wazazi wanaouza ng'ombe wakitarajia mtoto atoke chumba cha upasuaji akitembea. La! Kisu hakigusi ubongo. Akae vizuri kitini, aogeshwe bila kupiga mayowe, alale usiku: hayo ndiyo yanayotafutwa, na si madogo.

Aliyekonda sana au mwenye kifua kibovu ni sharti aimarishwe kwanza, maana kidonda chake hakitapona upesi. Hospitali ya watoto ya CURE kule Kijabe imekuwa ikipasua mifupa ya watoto wenye ulemavu tangu 1998. Popote uendapo, beba dawa zake za kifafa na picha za zamani, uliza SHA italipa kiasi gani, na usiondoke kabla ya kuambiwa eksirei ijayo ni lini.