Usimsahihishe Mfilipino jina lake

Hebu fikiria mtu wa ng'ambo akwambie eti neno "yeye" linabagua wanawake. Utacheka, si ndio? Basi Wafilipino wengi walicheka, wengine wakakasirika, Dictionary.com ilipoingiza neno "Filipinx" Septemba 2020.

Neno hilo lilishika Marekani, kwa vijana wenye asili ya Ufilipino wasiotaka kuchagua kati ya "Filipino" na "Filipina". Wana haki. Jina ni la anayejiita, na kijana wa California asiyejiona mwanamume wala mwanamke hafai kukejeliwa.

Lakini kumsahihisha mtu wa Manila ni mambo mengine. Hiyo tofauti ya "o" na "a" ililetwa na Wahispania, waliotawala visiwa hivyo zaidi ya miaka 300. Kitagalogi chenyewe hakina shida hiyo: "siya" ni yeye, wa kike au wa kiume, "kapatid" ni ndugu, "asawa" ni mume au mke. Kwa wengi kule, "Filipino" ni kila mtu.

Tena tusidanganyane: lugha isiyobagua haijaleta usawa. Mswada wa SOGIE, wa kuzuia ubaguzi kwa misingi ya jinsia na mwelekeo wa kimapenzi, umekwama bungeni kwa zaidi ya miaka 20. Kijana anayenyimwa kazi Manila kwa sababu ya alivyo hataokolewa na herufi moja. Unataka kumsaidia? Mwite anavyojiita, kisha piga kelele kuhusu huo mswada.