Tuwape Wanafunzi Saketi Mbovu

Somo la umeme katika shule za msingi aghalabu hufundishwa kwa saketi nzima. Mwalimu huunganisha betri, waya, swichi na taa, taa huwaka, wanafunzi huchora mchoro katika madaftari yao, na somo huwa limekwisha. Si vibaya kuanza hivyo. Vibaya ni kuishia hapo. Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi hajaujua umeme mpaka apewe saketi isiyowaka, atafute kwa nini haiwaki, na athibitishe jibu lake. Wala hapana kielelezo bora cha kazi hiyo kuliko gari kuukuu.

Wanachuo watakaopangiwa shule za Musoma, Bunda au Butiama hawatakosa kuliona gari la namna hiyo, likipakia dagaa, mahindi au abiria. Katika kata kama Mwisenge, iliyo kando ya Ziwa Viktoria, unyevu, mvua na vumbi hula viungo vya nyaya mwaka hadi mwaka. Gari likikwama kwa hitilafu ya umeme, mzigo haufiki sokoni. Taa ya nyuma isipoonekana usiku, watu huweza kupoteza maisha. Kwa hiyo jambo hili si la mchezo.

Tuchukue mfano. Pikapu kuukuu ina taa ya breki ya kulia yenye mwanga hafifu. Tena, indiketa ya upande huo ikiwashwa, taa nyingine zilizo katika kasha hilohilo nazo huwakawaka. Mwenye gari hununua globu mpya; hali ni ileile. Hununua swichi ya breki. Hali ni ileile. Mwishowe hununua betri. Ametoa fedha mara tatu, na hajapima hata mara moja.

Laiti angalitazama vema, angaliona kwamba hitilafu yenyewe imekwisha kujieleza. Katika gari, waya hupeleka umeme kwenye taa, lakini njia ya kuurudisha kwenye betri ni bodi la chuma. Taa za kasha moja mara nyingi hushirikiana kiungo kimoja cha kurudishia. Kiungo hicho kikiingia kutu, mkondo wa indiketa hukosa njia yake, ukajipenyeza kupitia taa jirani. Ndiyo sababu zinawaka pasipo kuwashwa. Kuthibitisha hayo kwahitaji waya mmoja tu: ncha moja ishikizwe kwenye kitako cha taa, ya pili kwenye kile kichwa cha betri kilichofungwa kwenye bodi. Katika magari mengi kichwa hicho ni hasi, ingawa baadhi ya magari ya zamani ya Kiingereza yalifunga chanya. Fundi hodari hutazama kwanza. Mwanga ukirejea, hitilafu imo katika njia ya kurudi. Kilichobaki ni msasa na kukaza boliti.

Hesabu yake haimshindi mwanafunzi wa madarasa ya juu. Globu ya breki ya wati 21 katika betri ya volti 12 hutumia ampea 1.75; yaani ukinzani wake ni kama omu 6.9. Kutu ikiongeza omu 2 tu, na tukichukulia kuwa ukinzani wa globu haukubadilika, mkondo hushuka hadi kama ampea 1.35. Globu hubaki na volti zipatazo 9.3, na nguvu yake hushuka kutoka wati 21 hadi zisizozidi 13. Kanuni inayotuwezesha kukokotoa hayo ilitolewa katika kitabu cha mwaka 1827 na Georg Simon Ohm, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa shule mjini Cologne, Ujerumani.

Hapa pana jambo linalostahili kukaziwa. Tukipima volti kwenye waya huohuo swichi ikiwa imewashwa lakini globu ikiwa imetolewa, kipimo kitaonyesha volti 12 kamili, kana kwamba hapana kasoro. Kutu huonekana tu mkondo unapopita. Ndivyo ilivyo kwa mwanafunzi. Anayeulizwa maana ya saketi akaikariri neno kwa neno, amepimwa pasipo mzigo. Tumpe saketi mbovu, ndipo tutakapojua alichonacho.

Darasani hatuhitaji gari. Ubao, misumari, nyaya, betri mbili za tochi na globu yake vyatosha. Mwalimu afiche kasoro moja: waya uliokatika ndani ya ganda lake, au kiungo kilichopakwa nta. Kisha wanafunzi wafuate utaratibu: waseme wanachokiona, wataje sababu zinazowezekana, wapime, wabadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na wathibitishe. Wafundishwe pia kuanzia katikati. Njia yenye vipande 8 vya waya ikikatika mahali pamoja, anayepima kipande baada ya kipande huenda akapima mara 7; anayeigawa nusu kwa nusu hupima mara 3.

Wako watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya gereji. Nawajibu kwamba kudadisi ni kazi ya shule. Mwalimu Julius Nyerere, aliyeanza masomo katika shule ya Mwisenge mwaka 1934, alisisitiza katika maandishi yake ya 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea kwamba elimu imjengee mwanafunzi akili ya kudadisi. Wengine watataja hatari, nao wana haki. Betri ya gari ina asidi na hutoa gesi inayoweza kulipuka, na spana ikigusa vichwa vyote viwili huleta cheche kali. Basi watoto wafanye majaribio kwa betri za tochi. Gari lifunguliwe na fundi aliyealikwa, nao wakitazama na kuuliza. Wapo pia watakaosema kwamba magari mapya yana kompyuta. Ni kweli, lakini nayo yana nyaya, viungo na bodi, na kutu haichagui.

Faida ya mwisho ni ya mwalimu mwenyewe. Mtoto akiandika kwamba 42 kutoa 17 ni 35, hakukosea ovyo. Katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kutoka kubwa: 7 toa 2 ni 5, na 4 toa 1 ni 3. Hitilafu iko mahali pamoja, panapojulikana. Mwalimu anayerudia somo zima kuanzia mwanzo, au anayemwadhibu mtoto huyo, anafanya kama yule aliyenunua betri mpya. Mwalimu anayempa 52 kutoa 28 na kumtaka aeleze hatua zake amekwisha kupima.

Wanachuo, mtakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, tayarisheni saketi moja inayowaka na tatu zisizowaka. Msiwe wepesi wa kuwaonyesha watoto kasoro iliko. Waacheni watafute, wabishane na wapime. Na atakayesema ameipata, mwulizeni amejuaje.