Mwalimu wa Ugenini na Likizo Isiyokuwa na Tarehe

Katika miji yetu ya pwani ziko nyumba ambazo mmoja wa watoto wake, wa kiume au wa kike, yuko Omani, Imarati au Saudia akifundisha skuli. Safari hiyo si ngeni. Mwaka 1970 Omani ilikuwa na skuli tatu tu za serikali, na zilipofunguliwa nyingine kwa wingi katika miaka iliyofuata, waalimu walitakiwa kutoka kila upande. Baadhi yao walikuwa watu waliokulia na kusomea Unguja. Lakini katika kazi hiyo njema iko taabu moja ambayo twapenda kuizungumza mwezi huu, nayo ni taabu ya likizo isiyojulikana itaanza lini wala itakwisha lini.

Asiyeijua taabu hii huiona ndogo. Mama yuko Tanga au Lamu, ampelekea mwanawe salamu na kumwuliza: "Waja lini?" Mwana ajibu: "Bado hatujaambiwa." Mama adhani mwana hana haja ya kuja. Na ikiwa ndugu yake ataolewa, wageni wamekwisha alikwa na wapishi wamekwisha pewa fedha, basi huanza maneno: huyu ametusahau, huyu ameingiwa na kiburi cha mshahara. Hivyo udugu hupata ufa kwa jambo ambalo wala mama wala mwana hakulikosea.

Twaona yapasa kwanza kuzijua sababu zake.

Sababu ya kwanza ni mwezi mwandamo. Mwaka wake una siku 354 au 355, kwa hivyo Idi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja hivi kila mwaka wa kalenda ya miladi. Na siku yenyewe haijulikani kwa yakini mpaka usiku wa 29 upite. Sisi tusomeshao vyuoni twalijua hilo, ila chuo chetu kiko hatua chache na nyumbani, na mwalimu wa ugenini ana bahari katikati. Tazama Omani mwaka 2025. Watumishi waliambiwa mapema kwamba Idi ikiwa Jumapili tarehe 30 Machi, kazi itaanza Jumatano tarehe 2 Aprili. Na ikiwa Jumatatu tarehe 31, kazi itaanza Jumapili tarehe 6 Aprili. Idi ikawa Jumatatu. Usiku mmoja wa mwezi ulisogeza siku ya kurudi kazini kwa siku nne! Na Saudia, mwaka huo huo, walisali Idi Jumapili. Basi hata ndugu wawili wafundishao katika nchi mbili jirani hawawezi kupeana tarehe moja.

Sababu ya pili ni amri za serikali. Saudia iliingia katika mihula mitatu kwa mwaka wa masomo ulioanza 2021, kisha ikarejea mihula miwili kwa mwaka ulioanza 2025. Siku za mapumziko ya juma nazo zimebadilika: Omani na Saudia mwaka 2013 zilitoka Alhamisi na Ijumaa zikashika Ijumaa na Jumamosi, na Imarati, tangu Januari 2022, mapumziko yake ni Jumamosi na Jumapili pamoja na nusu ya Ijumaa. Mwalimu aliyepanga safari zake kwa desturi ya mwaka uliopita huikuta desturi yenyewe imeondolewa.

Sababu ya tatu ni hali ya hewa. Aprili 2024 mafuriko yaliua watu Omani, na miongoni mwao walikuwamo watoto wa skuli. Siku mbili baadaye Imarati ilipata mvua kubwa kupita kiasi, na masomo yakaendeshwa majumbani. Wala tusidhani kuwa hayo ni ya ugenini tu. Mwaka huo huo Kenya ilichelewesha kufungua skuli zake kwa ajili ya mafuriko, mpaka tarehe 13 Mei.

Zikisha kujulikana sababu, yafaa kila upande ujue la kufanya.

Ama mwalimu, kabla ya kutia saini mkataba, aulize mambo manne. Ni siku zipi za likizo zilizoandikwa, na zipi zinazongojea tangazo? Je, mshahara wa likizo hulipwa? Waalimu hurejea siku ngapi kabla ya wanafunzi? Na akifikwa na msiba au maradhi ya mzazi, ruhusa ya dharura hupatikanaje? Aliyeko Saudia akumbuke pia kwamba hana budi kupata viza ya kutoka na kurudi kabla hajaondoka. Asinunue tiketi kwa urahisi wa bei peke yake. Tiketi isiyobadilika tarehe huweza kumfanya alipe nauli mara mbili. Aache siku mbili au tatu kabla ya kufunguliwa skuli. Na aweke nauli ya kwenda na kurudi mahali asipoigusa, kwani simu ya kuwa mama ni mgonjwa haingoji tangazo la wizara.

Wala asiondoke kwa siri kabla ya kupewa ruhusa. Mkataba ni ahadi, na wanafunzi aliowaacha ni amana.

Ama nyumba, nayo ina wajibu wake. Wakitaka harusi ihudhuriwe na mwalimu, wasiiweke wiki ya Idi, ambayo likizo yake ni fupi na tarehe yake huyumba. Waiweke katika likizo kubwa ya kiangazi, nayo isiwe mwanzo wala mwisho wake. Wiki za mwisho za Julai, joto la Ghuba likiwa kali, ndizo wiki ambazo kwa kawaida skuli nyingi za huko zimefungwa. Na ikiwa haiwezekani, basi wafunge ndoa bila ya yeye, wamtakie kheri, wasimhesabie kosa.

Liko neno moja lililobaki. Wengi wetu husema "Inshaallah" kisha hukaa kimya, na nyumbani hawajui kama ni ndiyo au ni siyo. Neno hilo tumefundishwa tuliseme juu ya nia tuliyoiazimia na kuitengenezea, wala halikuwekwa kuwa pazia la kujifichia. Mwalimu aseme wazi: "Nimeomba ruhusa, natarajia kuja wiki ya mwisho ya mwezi, tangazo bado; siku litakapotoka nitawaarifu, inshaallah." Kisha awaarifu siku hiyo hiyo, hata kama habari ni ya kuwa haji. Mzazi aliyeambiwa hivyo hulala akijua mwanawe amefanya lililo katika uwezo wake. Na aliyenyimwa habari hulala na dhana. Tarehe ya likizo haimo mkononi mwa mwalimu, lakini kuwaarifu walio nyumbani kumo mkononi mwake, na kwa hilo ndilo atakaloulizwa.