Kichwa cha Kilatini, Mkia wa Kiswahili

Wako wasomi katika vyuo vyetu, na idadi yao si ndogo, wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakifai kufundishia elimu ya juu kwa kuwa vitenzi vyake havina ncha. Hutaja mzizi mmoja wa Kilatini, portare, maana yake kuchukua, kisha huhesabu wana wake katika Kiingereza: import, export, transport, deport. Viambishi hivi, husema, ndivyo vilivyozaa lugha ya sayansi. Sisi tuna nini? Swali hili halina budi kujibiwa, maana mwenye kulipa gharama ya dai lao ni mwanafunzi wa sekondari.

Kwanza, mali hiyo ni ya kuazima. Wanormani waliitwaa Uingereza mwaka 1066 na kuijaza Kifaransa. Katika karne ya 16 wanazuoni wakachota Kilatini hata wenzao wakachukizwa. Thomas Wilson aliwakejeli katika kitabu chake cha mwaka 1553. John Cheke wa Cambridge alijaribu kutafsiri Injili ya Mathayo kwa maneno ya asili, lakini mfano wake haukufuatwa. Matokeo yake, mtoto wa Kiingereza husema transport pasipo kujua kuwa trans ni ng'ambo. Sisi je? Uchukuzi wetu umetokana na kuchukua, na hakuna mtoto asiyeuona mzizi wake.

Pili, kiwanda cha vitenzi tunacho, ila kimejengwa mkiani mwa neno. Kwa Kilatini kuvuta ni trahere. Kilatini kikatanguliza ad, Kiingereza kikapata attract, nasi tukaongeza -ia tukapata kuvutia. Kilatini hupindua kitendo kwa dis; sisi hupindua kwa -ua: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, tega na tegua. Kilatini hukutanisha kwa con. Sisi hukutanisha kwa -ana: fungana, vutana. Hata con kuwa com mbele ya p si hekima ya Waroma peke yao. Ni ulaini wa ulimi, ule ule unaotufanya tuseme nyumba mbaya, wala si nyumba nbaya.

Wala sipigani na maneno ya kigeni. Soko la Kariakoo lenyewe limepata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi katika Vita Kuu ya Kwanza. Mfanyabiashara wa hapo husafirisha mzigo: safiri ni la Kiarabu, mkia ni wetu, na neno limekuwa raia. Kuripoti nalo limekubali kuripotiwa. Ninalolipinga ni kulitwaa neno la kigeni mahali ambapo letu lipo na lina nuru zaidi. Katika maduka ya Magomeni husikika kwamba dawa imeekspaya. Asili yake katika Kilatini ni kutoa pumzi, jambo asilolijua muuzaji wala mnunuzi. Ukisema dawa imepitwa na muda, hata bibi asiyesoma ataielewa, na katika dawa kuelewa ni uhai.

Basi mtazame mwanafunzi. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Akiingia sekondari hukutana na evaporate, akaikariri kama dua ya lugha asiyoijua. Neno hilo ni ex na vapor, yaani kutoka na mvuke. Nyumbani Magomeni ameona nguo zikivukizwa udi. Kutoka kuvukiza hadi uvukizaji ni hatua moja, naye hakuruhusiwa kuipiga. Kisha husemwa kwamba hana akili ya sayansi.

Mwaka huo huo wa 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimetoa kamusi na istilahi. Anayedai kwamba maneno hakuna na afungue kamusi hizo kwanza. Akiona pengo, kiwanda kipo: atwae mzizi, auvishe mkia, alifundishe neno lake darasani. Mwalimu asiyetaka kufanya hivyo aseme wazi kwamba hataki, asisingizie lugha.